Filamu ya maisha ya mtu: kwa nini sura zinazama gizani na maneno hayasikiki

Filamu ya vita utaifuata hata sauti ikiwa mbovu. Filamu ya maisha ya mtu haikubali hivyo: ni watu wawili chumbani usiku, taa moja mezani, na maneno. Ikikaribia tarehe 17 Januari, siku Patrice Lumumba alipouawa, nyumba nyingi za Lubumbashi hutafuta ile ya Lumumba aliyoitengeneza Raoul Peck mwaka 2000, halafu lalamiko linakuwa lilelile: picha nyeusi, muziki unafunika maneno. Mara nyingi televisheni haina kosa.

Anzeni na diski. DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7. Filamu moja ya saa mbili ikiijaza yote, inapata kama megabiti 5 za data kwa sekunde. Diski yenye filamu 6 inaipa kila moja chini ya megabiti 1, na kinachotupwa kwanza ni vilivyomo gizani: koti jeusi, nywele, kona ya ukuta. Mkiona vimiraba vinacheza kwenye kivuli, hakuna kebo wala marekebisho yatakayoponya, na sisi mafundi hatutawauzia. Tafuteni nakala halali, filamu moja kwa diski moja.

Diski ikiwa nzuri, achaneni na kebo ya njano ya picha, tumieni HDMI, kebo moja inayobeba picha na sauti za kidijitali. Kisha angalieni kiwango cha weusi, kinachoandikwa « niveau de noir » kwenye menyu nyingi. Mwanga wa filamu hupimwa kutoka 16, ambayo ni nyeusi, hadi 235, ambayo ni nyeupe. Kompyuta hutumia 0 hadi 255. Deki ikituma 0 hadi 255 na televisheni ikisubiri 16 hadi 235, vivuli vyote vinazama. Ikiwa kinyume, nyeusi inageuka kijivu kama jivu la makala. Wekeni pande zote mbili kiwango kimoja.

Kwenye hali ya picha, ondoeni « Dynamique », wekeni « Cinéma ». Simamisheni picha kwenye tukio la usiku, pandisheni « luminosité » (mwangaza) mpaka koti litengane na ukuta, kisha shusheni kidogo kidogo mpaka mistari ya juu na chini ya picha iwe nyeusi kweli. Sebule ikiwa na mwanga mwingi, pandisheni « rétroéclairage » (taa ya nyuma ya kioo), msiguse tena « luminosité ». Zimeni pia « réduction du bruit » (kusafisha chembechembe): inafuta chembechembe za filamu pamoja na mikunjo ya uso, na uso wa mzee unabaki kama nta.

Filamu za namna hii huingiza picha za zamani za habari, nyembamba, zenye weusi kushoto na kulia. Hilo si kosa. Mkizivuta zijaze kioo, watu wote wananenepa.

Kwenye sauti ndiko wengi wanakosea. Sauti ya 5.1, yaani ya spika tano na moja ya besi, huweka karibu maneno yote kwenye spika ya katikati. Kama mna spika mbili tu na deki bado imewekwa 5.1, muziki utasikika na maneno yatapotea. Ingieni kwenye menyu ya sauti ya deki, chagueni stereo (spika mbili) na PCM (sauti isiyobanwa). Wenye home cinema kamili, spika ya katikati ikae chini ya televisheni, ielekee masikio ya waliokaa. Tunaikuta imepelekwa barazani ili wageni wasikie muziki! Ipandisheni desibeli 3 kuliko nyingine. Hakikisheni waya mwekundu umeingia kwenye tundu jekundu pande zote: spika moja ikigeuzwa, sauti inakuwa tupu, kama ya mtu ndani ya pipa. Usiku watoto wakilala, washeni « mode nuit » (hali ya usiku), inashusha vishindo na kuinua minong'ono.

Sebule ya saruji tupu yenye vigae inarudisha mwangwi unaokula mwisho wa kila neno. Pazia zito na zulia vinasaidia kuliko spika mpya. Mvua ya Januari juu ya mabati, hiyo hatuna dawa yake.

Midomo ikichelewa nyuma ya maneno, televisheni inachakata picha kwa muda mrefu. Ongezeni ucheleweshaji wa sauti kwa hatua za milisekunde 20 mpaka vikutane.

Mkituita nyumbani, msichomoe kebo yoyote kabla hatujafika. Namna vilivyounganishwa ndiyo inayotuonyesha kosa.