Mbio za ramani, miguu pekee haitoshi

Mhariri, naomba kanafasi. Juzi mi na wenzangu watatu tuliingia zile mbio za timu, mnakimbia, mnaendesha baiskeli, mnapiga kasia, na njia mnaitafuta wenyewe kwa ramani na dira, GPS marufuku. Mi mgeni kabisa nikajua miguu ndo kila kitu, kumbe wapi! Ramani ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1, mi nikasoma kilomita 2, tukapitiliza kituo tulichotakiwa kupitia, tukabaki kuzunguka kwenye majani, soksi chapachapa. Aliyetuokoa ni yule tuliyekuwa tunamsema mzito (aibu yetu), kakaa chini, kailaza ramani ielekee kaskazini, kahesabu mistari ya mwinuko (ile ya kuonyesha wapi mlima, wapi bonde), akasema "kituo kiko bondeni, nyuma yetu." Kweli kilikuwepo. Sasa nyie ukurasa wa michezo mbona mnaandika washindi tu, hebu siku moja tufundisheni na kusoma ramani, sisi wa mkiani tupo wengi.