Huyo mnyoo si wa ziwani, hesabuni magamba kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu ile picha mliyoitoa wiki iliyopita, ya mdudu mwenye meno na manywele ya dhahabu, chini mkaandika eti kaonekana Ziwa Victoria. Ilianzia kwenye magrupu ya watsap na huko ingeishia, ila kitu kikishatoka gazetini kinakuwa kingine, hapa soko la Mwaloni wateja wanakuja na simu mkononi wanauliza dagaa hawa wamevuliwa upande gani, mama mmoja kapekua karai zima kwa kidole ndo akanunua sado moja tena kwa shingo upande.

Mi nilisomea viumbe wa majini kabla sijaingia kwenye dagaa, na huyo namfahamu. Ni mnyoo wa baharini, wale wenye magamba mgongoni, na kwa umbo lile ni Eulagisca gigantea wa bahari ya Antaktika kule kwenye barafu, anafika kama sentimeta 20. Ziwa letu halina chumvi na minyoo wa aina hiyo hawamo. Halafu kile mlichokiita kichwa chenye meno wala si kichwa, ni koo lake kalitoa nje, ndivyo wanavyokamata chakula, kichwa chenyewe ni kile kidude kidogo kilichokaa juu yake na koo likirudi ndani hamna tena cha kutisha.

Sasa juzi msomaji mwingine kawajibu kwamba huyo kwao Tanga wamejaa chini ya mawe. Wenye magamba Tanga wapo kweli, ila siyo huyo, na hapa ndo pana kazi maana watu wakishaona magamba basi wote wanakuwa mmoja. Familia yao ya Polynoidae ina mamia ya spishi jamani! Na rangi ndo usiitegemee kabisa, spishi mojawapo ya familia hiyo, Harmothoe imbricata, huyo huyo mmoja utamkuta wa kahawia, wa kijivu, mwenye madoa, mwingine ana mstari mweusi katikati ya mgongo.

Kinachoanza ni kuhesabu magamba, yamepandana mgongoni kama mabati ya nyumba, pea kwa pea. Ndani ya familia hiyo hiyo Lepidonotus ana pea 12, Harmothoe 15, Halosydna brevisetosa wa pwani ya Pasifiki huko Marekani ana 18. Shida ni kwamba Harmothoe ukimgusa tu anayapukutisha, unabaki na mnyoo uchi na magamba yanaelea kwenye sahani, wakati Lepidonotus squamatus yake ni magumu na hayatoki kirahisi, hiyo nayo ni dalili. Yakishapukutika usikate tamaa, angalia ubavuni kila pingili: palipokuwa na gamba panabaki kijikifundo cha mviringo, pasipokuwa na gamba pana kiuzi kirefu kama sharubu. Hesabu vifundo, jibu ni lile lile.

Ila 15 peke yake haitoshi, maana huyo wa Antaktika naye ana 15. Unahamia kichwani. Harmothoe imbricata ana macho manne, mawili ya mbele yamejificha chini ya vipembe viwili vya kichwa, ukimtazama kwa juu unaona yale ya nyuma tu, na wengi wanaishia hapo wanaandika macho mawili. Baada ya hapo ni maikroskopu, unachomoa vinywele vya miguuni unaangalia ncha kama ni moja au imegawanyika mbili. Kazi ya macho kuuma hiyo, siyo ya kuangalia skrinshoti.

Na alikookotwa pia kuna maana kubwa, Gastrolepidia clavigera kwa mfano anaishi juu ya majongoo bahari, na rangi anafuata ya mwenyeji wake, sasa ukimbandua ukasahau kuandika ulimtoa wapi umepoteza nusu ya jibu.

Wala hayo si mageni hapa Mwanza. Furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu wanaoitwa furu tu sokoni, watafiti kina Frans Witte na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikaa kwenye ghuba yetu tangu miaka ya 1970 wakiwatenganisha kwa meno na taya, wakapata spishi kibao. Kwa hiyo ziwa linao watu wanaojua kuangalia, hamkuwauliza tu.

Na kwa wanaosema wamemwona kwa macho yao ufukweni, nadhani wengi waliona ruba. Ruba hana gamba, hana hata unywele mmoja ubavuni, mgeuze kwa kijiti utaona.

Ombi langu: toeni sahihisho ukurasa ule ule na kwa ukubwa ule ule, siyo kwenye kona chini ya matangazo ya vifo. Mkiletewa picha nyingine ombeni ya mgongo, iwe na rula pembeni, na jina la mwalo alikovuliwa. Aliye naye mkononi amtie kwenye spiriti, asimwanike na asimtie chumvi, kisha ampeleke TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wapo hapa hapa Mwanza.

Muuza dagaa,
Mwaloni, Kirumba