Barua ya wazi kwa mjomba: usiisugue hiyo rupia mbili

Mjomba, shikamoo.

Kabla ya lolote, nakuomba uiweke mbali hiyo dawa ya meno unayotaka kuisugulia sarafu yako ya zamani. Rangi zilizo kwenye hiyo sarafu ya fedha ya rupia mbili, ya enzi za Mjerumani, si uchafu. Ni utando wa salfaidi ya fedha, unaojengeka polepole kwa salfa iliyomo hewani, kwenye karatasi na hata kwenye mbao za kabati. Ukiwa mwembamba huonekana wa manjano ya dhahabu, ukiongezeka huwa zambarau, kisha bluu, na ukipitiliza ni mweusi tii. Sugua kwa dawa ya meno, jivu au ndimu, utaondoa utando pamoja na ngozi ya fedha iliyo chini yake, na mng'ao wa kiwandani haurudi tena. Mnunuzi mjuzi ataona mikwaruzo kwa lenzi ya mara 10 tu.

Rupia mbili zilitolewa 1893 na 1894 pekee, kwa jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Rupia moja zilitoka miaka mingi zaidi. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm II na kofia yenye tai kileleni.

Kwa kuwa inatafutwa, za bandia zipo. Kwa sonara, uzito uwe karibu gramu 23.3 na kipenyo milimita 35. Halafu weka glasi ya maji yaliyotoneshwa (distilled) juu ya mizani, irudishe sifuri, uining'inize sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini wala pembeni. Mizani isome karibu gramu 2.25, yaani uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Ikisoma 2.6, hiyo si fedha ya asilimia 91.7 kama ilivyo sarafu halisi, huenda ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, usifute. Kagua pia ukingo juu ya kofia: nyingi zilitiwa kitanzi cha mkufu, na alama ya kulehemu hushusha thamani mno.

Rangi nayo hughushiwa kwa moto au kemikali. Inamishe sarafu chini ya taa: mng'ao uzunguke chini ya rangi, na rangi zifuatane kwa mpangilio niliokutajia, mara nyingi zikikolea kuelekea ukingoni. Bluu inayoanza ghafla bila manjano kuitangulia inatia shaka. Mikwaruzo mingi iliyojaa rangi nayo ni dalili kwamba ilisuguliwa kwanza, rangi ikaja baadaye.

Ishike kwa ukingo tu. Usiitie kwenye plastiki laini ya PVC, itatoa ute wa kijani. Wala usiifunge kwa mpira, una salfa. Tafuta kasha gumu la akriliki, na kwa unyevunyevu wa pwani uongeze silika geli, zile punje zinazonyonya unyevu. Punje za bluu zikigeuka waridi, zibadilishe.