Msituonee huruma tuliohamia Dodoma

Ndugu mhariri, naomba kanafasi niwajibu wanaotupa pole sisi tuliotoka Dar. Maisha huku siyo mabaya jamani, natoka kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, jua bado lipo nafika home nacheza na watoto, kitu ambacho nilipokuwa Mbagala nilikuwa nakisikia tu kwa watu. Kasheshe ni vumbi, mwezi wa saba na wa nane upepo unavuma, baridi kavu, midomo inapasuka, ukianua mashuka yana rangi ya udongo utadhani hayajafuliwa. Halafu maji ni ya mgao, mtaani kwetu kila nyumba ina simtanki na mandoo yamejaa jikoni, na mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama vile wote tuliohamia ni mawaziri! Zabibu zipo za kumwaga, ila samaki wa bahari fresh sahau, nikizidiwa nasingizia naenda kumsalimia mama, tangu treni ya SGR ianze 2024 ni masaa matatu na kitu tu hadi Dar. Ombi langu kwa jiji, wapande miti huku kwenye viwanja vipya kabla hawajapima vingine.

Msomaji wenu, Dodoma