Shoga, bado niko hapahapa

Kisauni, Mombasa
Jumapili, 1 Desemba 2024

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Natumai waraka huu utakukuta mzima huko Maskati, wewe na hilo goti lako. Sisi hatujambo, mama yu salama, watoto wamerefuka, paka wa Bi Zuhura kazaa tena jikoni kwangu. Salamu zimekwisha. Najua umeona nimezipiga mbio, na sababu waijua.

Jana Saumu kanipitia, kakaa, kanywa chai, kamaliza mahamri yangu, ndipo akaniambia kwamba wataka kuja Ramadhani na kwamba umemuuliza kama nimehama. Kama nimehama! Nilicheka, halafu alipoondoka nikakaa kwenye kibao cha mbuzi nikajiona mnyonge kweli. Niko hapahapa, Rukia. Mlango uleule wa kijani, na bawaba ileile iliyokuchana baibui siku ya arusi ya Mwanaidi.

Basi tuliseme. Deni lako. Zile riali 75 ulizonikopesha Januari, zilizoingia kwenye simu yangu zikiwa shilingi 31,000 na kidogo, nikapeleka karo ya Fatma siku ileile. Nilikuambia nipe miezi mitatu. Huu ni wa kumi na moja.

Sitaki kukupa hadithi ya mgonjwa wala ya mwizi. Sikuibiwa. Nilikatwa. Wajua kazi yangu, mimi ndiye ninayeandaa mishahara ya watu 140 pale kampuni, kwa hivyo kila serikali inapobuni makato, mkono unaoyaandika ni huu. Watu wanakuja dirishani kwangu na pesilipi, ile karatasi ya mshahara, wameikunjakunja kama risiti ya duka, wananitazama kana kwamba zile pesa nimezitia mfukoni mwangu. Na mimi yangu nimeificha kwenye droo, imekatwa vilevile.

Chukua haya makato ya serikali ya kujenga nyumba. Julai mwaka jana tukaanza kukata asilimia moja na nusu. Novemba Mahakama Kuu ikasema si halali, lakini endeleeni kwanza. Januari Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda, tukayatoa. Watu wakanishangilia, wallahi, nikanunuliwa soda. Machi sheria mpya ikatiwa saini, tukayarudisha. Soda hazikurudi, matusi ndiyo yaliyorudi. Mzee Kitsao wa getini, unamkumbuka, mshahara wake ni 18,000, anakatwa 270 kila mwezi. Amebakisha mwaka mmoja astaafu. Alikuja akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo nyumba yangu iko wapi? Kwa pesa nilizolipa nadhani mlango nimeshaumaliza. Nionyeshwe huo mlango tu, niujue." Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitauliza. Nimuulize nani?

Kwa haki lazima niseme na hili: makato ya hospitali, yeye yamempungukia. Kwa ile bima ya zamani, NHIF, alikuwa akitoa 600, sasa hii mpya ya asilimia 2.75 inamkata 495. Nikamwambia, mzee, hapa umepata nafuu. Akafurahi. Wiki ya pili mkewe akaugua, wakaenda hospitali moja ya upande huu, wakaambiwa mtandao uko chini, jina halionekani, lipeni taslimu. Wakauza mbuzi. Sasa akipita dirishani hanisalimu, na simlaumu.

Mimi napata 52,000, hujaacha kunikumbusha kwamba ni nyingi. Kabla ya mwaka jana NSSF, akiba ya uzeeni, walichukua 200 na NHIF 1,200. Mwezi uliopita NSSF 2,160, afya 1,430, nyumba 780. Jumlisha mwenyewe: kutoka 1,400 mpaka 4,370, na kodi ya mapato bado inangoja mstari wa chini. Mshahara haujaongezwa hata ndururu tangu 2022. Na Februari NSSF inapanda tena, mimi itanigonga 3,120. Natamani kuyasahau nikifika nyumbani, lakini kazi yangu ndiyo kuyajua.

Sasa nicheke kidogo. Unakumbuka tulivyohofia lile deni la nje la 2014, zile dola bilioni mbili zilizotakiwa kulipwa Juni mwaka huu? Mwezi wa Februari serikali ikakopa nyingine bilioni moja na nusu ili kulipia zile, za kwanza riba haikufika asilimia saba, hizi mpya inakaribia kumi. Magazeti yakasifu, shilingi ikapata nguvu. Mimi nami nikafanya vivyo hivyo: nikachukua Fuliza, ule mkopo wa simu, ya tokeni za umeme na gesi, nikakopa chama chetu cha akiba kulipa Fuliza, nikaomba advansi kazini kulipa chama. Hakuna gazeti lililonisifu. Baba Fatma akanitazama tu, akasema, "Mke wangu, wewe ni Waziri wa Fedha wa Kisauni."

Yeye kazi zake za bandarini zimekuwa za kusuasua. Wiki ana kontena mbili, wiki hana. Redioni juzi bwana mmoja alieleza kwamba hatuko kwenye mdororo hata kidogo, uchumi unakua kwa zaidi ya asilimia nne. Haya, ukifika huku upige hodi. Nisiwe mwongo lakini, unga umeshuka, ule wa zaidi ya mia mbili wa mwaka jana hauko tena, na sukari pia imelegea. Ila mtu aliyekopa unga ulipokuwa ghali bado analipa bei ile ya ghali.

Hilo la shilingi kupata nguvu linatuhusu mimi na wewe, nitalirudia.

Kwanza nikuambie la Juni, maana hilo ndilo lililonikaa kifuani kuliko pesa.

Tarehe 25, vijana walipoingia bungeni, ulinipigia mara nne usiku. Sikushika. Rukia, ninaapa, nilikuwa nimekaa na simu mkononi tangu saa saba mchana. Abuu wa dada yangu alikuwa Nairobi, alitoka na wenzake wa chuo kwenda kupinga ule mswada wa fedha, ule wa mkate kutozwa kodi, na simu yake ilikuwa imezimwa. Dada yangu yuko sakafuni analia. Hata hapa mjini vijana walikuwa wametoka. Kila simu ikilia roho inaruka. Ikalia, nikaona jina lako, na kitu cha kwanza kilichonijia si "Rukia ana wasiwasi na sisi". Kilikuwa "anadai". Nikaikata. Mara nne.

Abuu alipatikana karibu na usiku wa manane, macho mekundu kwa moshi, kiatu kimoja hana, yuko kwa rafiki yake Kasarani. Kuna wazazi hawakupata simu hiyo. Kesho yake Rais akasema hautii saini ule mswada, mtaani watu wakashangilia, na mimi nimejifungia chooni nasikiliza ujumbe wako wa sauti: "Mishi, mko hai? Abuu yuko wapi? Nijibu tu neno moja." Hukutaja pesa. Hata kwa kuzunguka hukutaja. Nilishindwa kujibu siku ile kwa aibu, kesho kwa aibu ya jana, na hivyo hivyo mpaka Saumu akaja kula mahamri.

Nilijiapiza nisikuandikie siasa lakini zimenitoka. Huku ni sinema. Julai baraza la mawaziri lilivunjwa karibu lote, kisha wengine wakarudi kwa mlango wa nyuma, na wa upinzani wakaingizwa pamoja nao. Joho wetu, aliyekuwa gavana hapa Mombasa, sasa ni waziri wa madini, hapa mtaani nusu wanaruka na nusu wamenuna. Baba Fatma anauliza, ikiwa upinzani umeingia serikalini, sisi tumlalamikie nani? Oktoba naibu wa rais akang'olewa na Seneti, watu wa kazini wakatega redio siku nzima, mimi nikamaliza mishahara peke yangu. Na juzi Rais alipotangaza kufuta yale mambo ya Adani, kampuni ya India, wabunge walisimama kupiga makofi. Walewale. Ule mswada wa fedha ulipoletwa, wengi wao waliupigia kura ya ndiyo! Sijui... labda mimi ndiye nimechoka. 2022 ulinicheka niliposema wilbaro, ile alama ya chama cha Rais, ni ya kubebea sisi.

Na Bi Zuhura anasema yote haya ni kwa sababu wanawake hatufungi vizuri kanga siku hizi. Nimeona nikuletee na maoni ya wataalamu wengine.

Turudi kwa deni. Kila jioni nikitoka stejini sipiti tena mbele ya kwa mamako. Nazungukia nyuma ya msikiti, dakika kumi zaidi, na mfuko wa mboga mkononi, nisije nikakutana naye barazani. Mama aliyenipaka hina arusini mwangu. Wiki iliyopita aliniona hata hivyo, akaniita, akanipa madafu mawili, akasema nimekonda. Hajui, au anajua?

Nimeweka 9,000 kwenye kibubu. Ni pesa ya kushona shela ambayo niliikataa, na ziada ya kontena mbili. Sikuzigusa hata gesi ilipoisha tukapikia makaa. Januari siahidi kitu, Fatma anaingia kidato cha tatu na unajua Januari ilivyo. Kuanzia mwisho wa Februari nitatoa 4,000 kila mwezi. Hiyo si ahadi ya mdomo, nimejiandikia kwenye pesilipi yangu mwenyewe, mstari wa makato, chini ya nyumba: RUKIA. Mhasibu mkuu aliniuliza ni shirika gani hilo.

Sasa nijibu haya, na usinihurumie. Tuhesabu kwa riali au kwa shilingi? Maana uliponikopesha riali moja ilikuwa inapata zaidi ya shilingi 400, sasa haifiki 340. Nikikulipa zile 31,000 kamili wewe unaondoka na riali 90 na ushei, faida bila riba, hata shekhe hawezi kukusema. Nikikulipa riali 75, mimi nimeokoa kama elfu sita. Unaonaje? Au tugawane? Hiyo 9,000 nimpelekee mamako kesho au nikungoje nikupe mkononi? Nikimpelekea, niseme ni ya nini? Kwani unakuja kweli, au Saumu kaongeza chumvi yake? Utakuja kabla ya kufunga au katikati? Madam amekubali kukupa pasi yako, na tikiti ni juu ya nani? Goti ulikwenda kulionyesha, au bado unalipaka mafuta ya nyonyo? Na hiyo simu, Rukia, nikikupigia Ijumaa usiku, utashika?

Shoga yako,
Mishi

Kikaratasi hiki nilikuwa nimekifunga, nikakifungua. Abuu anakusalimia sana, anasema ile sauti yako ya Juni bado anayo, alijirushia kutoka kwenye simu yangu. Kiatu alinunua kingine Gikomba, jozi mia tatu, vyote viwili vya kulia.