Kadi ya maktaba Lowell, na foleni zake

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Nimefurahi kusikia mmeshapata nyumba Lowell, Massachusetts, na shule zimeanza vizuri. Umeniuliza mambo mawili: utapataje vitabu vya kusikiliza ukienda zamu ya usiku bila kulipia ule usajili wa kila mwezi, na kama ni kweli maktaba inaweza kukuletea kitabu ambacho haina rafuni. Yote mawili yanawezekana, na bure. Ila nataka uyaelewe vizuri tangu mwanzo, maana watu wetu wengi hukata kadi, wakatafuta kitabu kimoja, wakaambiwa wasubiri wiki 16, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyewaeleza foleni hiyo inakwendaje.

Anza na kadi. Nenda Pollard Memorial Library, jengo lililo karibu na ukumbi wa mji, ukiwa na kitambulisho chenye picha na karatasi inayoonyesha anwani yako ya sasa, kama bili ya umeme au mkataba wa nyumba. Hakikisha umeondoka kaunta na namba yako ya siri. Bila hiyo namba, kadi itakuazimia vitabu vya karatasi lakini kwenye simu haitafungua kitu. Namba ya kadi ni ile ndefu iliyo chini ya mistari myeusi, kwa kawaida tarakimu 14 zinazoanza na 2. Mara nyingi huchapwa kwa mafungu. Wewe iandike mfululizo. Ukiona namba inayoanza na 3, hiyo ni ya kitabu chenyewe, na kuichanganya na ya kadi ndiko kunakowafanya watu wakataliwe kuingia wakadhani kadi ni mbovu. Wakatie na watoto, kila mmoja yake, kwa sababu kikomo cha kuazima huhesabiwa kwa kadi.

Maktaba hiyo haiko peke yake. Imo katika mtandao uitwao Merrimack Valley Library Consortium, pamoja na Lawrence, Haverhill, Andover, Chelmsford, Dracut na miji mingine ya bonde lile. Orodha ya vitabu vyao vyote ni moja. Ukitafuta kitabu ukakuta kiko Andover, huhitaji kwenda Andover: bonyeza kukiomba, chagua Lowell kama mahali pa kuchukulia, na gari la maktaba litakileta. Kwenye akaunti yako utaona kwanza kwamba ombi limepokelewa, kisha kitabu kiko njiani, kisha kiko kwenye rafu ya kuchukulia. Usiondoke nyumbani kabla ya hatua ya mwisho. "Kiko njiani" maana yake huenda bado kimo ndani ya kreti.

Kikishafika hakikai milele. Una siku chache za kukichukua, na ukipitisha kinakwenda kwa mwingine na wewe unaanza upya. Kwa hiyo washa taarifa za ujumbe wa simu, usitegemee barua pepe. Na ukiona kitabu kipya kabisa kinakaa wiki na ombi lako halisogei ilhali rafu za mji wa jirani zinacho, usidhani umesahaulika: maktaba nyingi huwapa kwanza wakazi wake vitabu vipya, ndipo baadaye viruhusiwe kusafiri. Kurudisha ni rahisi zaidi, kwani maktaba yoyote ya mtandao hupokea. Ukiazima kitabu cha sauti kwenye CD, hesabu sahani kabla ya kuondoka kaunta na tena kabla ya kurudisha. Moja ikibaki kwenye redio ya gari, seti nzima haiwezi kwenda kwa mtu mwingine.

Mama akija kukutembelea, na najua hapendi simu za kupapasa, ulizia Playaway. Ni kifaa kidogo chenye kitabu kimoja tayari ndani. Anachomeka vipokea sauti, anabonyeza kucheza, basi. Hakuna kupakua, hakuna namba ya siri. Ulizia pale kaunta kama unahitaji kuja na betri ya AAA na vipokea sauti vyako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye simu, ambako ndiko hasa ulikouliza. Programu inaitwa Libby. Imetengenezwa na kampuni ya OverDrive ya Cleveland, na nakutajia jina hilo kwa sababu utakutana na maelekezo ya zamani yanayokuambia upakue programu iitwayo OverDrive. Hiyo ilifungwa 2023. Pakua Libby, tafuta maktaba yako kwa jina la mji, ingiza zile tarakimu na namba ya siri.

Jambo la kushika ni hili: kitabu cha kidijitali nacho kina nakala. Maktaba hainunui faili ikalimiliki, inanunua leseni, na kwa kawaida leseni moja inasomwa na mtu mmoja kwa wakati. Na leseni hiyo inakwisha. Wachapishaji HarperCollins waliweka kikomo cha kuazimwa mara 26 mwaka 2011. Penguin Random House, ambao awali waliuza leseni za kudumu, walihamia za miaka 2 mwaka 2018. Baada ya hapo maktaba inalipa tena kwa kitabu kilekile, na bei inayotozwa huwa juu sana kuliko unayolipa wewe dukani. Mwaka 2019 wachapishaji Macmillan walifika mbali zaidi: mfumo mzima wa maktaba, hata ukiwa wa jiji kubwa, ulikuwa unauziwa nakala moja tu ya kitabu kipya kwa wiki 8 za kwanza. Maktaba zilipinga kwa nguvu, na sharti likaondolewa Machi 2020. Mimi naona wakutubi wanastahili shukrani zaidi kuliko wanazopata, kwa sababu sisi tunaona foleni tu, hatuoni bajeti wanayopigana nayo.

Ndiyo maana kabla ya kujiunga na foleni, gusa kitabu usome maelezo yake. Libby itakuonyesha nakala ni ngapi na watu wangapi wanasubiri. Tuseme nakala 5, watu 40. Hao ni watu 8 kwa kila nakala. Kila mmoja akikaa nayo siku 14 zote, ni siku 112, yaani wiki 16. Lakini si kila mtu humaliza siku zake. Wengine husikiliza sura mbili, kitabu kisiwakolee, wakakirudisha. Wengine zamu yao ikifika huipisha. Mara nyingi utafikiwa mapema kuliko makadirio, na hapo ndipo watu hunaswa: vitabu vitatu vinaingia wiki moja na muda wa kuvisikiliza huna.

Zamu yako ikifika una siku 3 za kuamua. Ukiwa na nafasi, azima. Ukiwa huna, usikae kimya wala usifute; chagua "Deliver Later" uiambie ikuletee baada ya siku kadhaa. Utaendelea kupanda foleni hadi kileleni, ila kitabu kitampitia anayekufuata mpaka siku uliyotaja. Ukikaa kimya siku zote 3, programu yenyewe itaahirisha ombi lako kwa wiki moja, na ukikaa kimya mara ya pili ombi linafutwa. Kwa mtu wa zamu kama wewe, ningeweka maombi matano au sita tu, na mawili kati yake yawe ya kuletewa baadaye.

Kuna njia ya kupunguza kusubiri ambayo wengi hawaijui. Mitandao ya maktaba ya Massachusetts ilikubaliana kuazimana vitabu vya kidijitali, chini ya mpango uitwao LEA. Ndani ya Libby, kwenye ukurasa wa maktaba yako, utaona maktaba washirika: Minuteman, C/W MARS ya upande wa Worcester, SAILS na nyingine. Unaingia kwa kadi ileile ya Lowell. Kitabu chenye wiki 16 kwenu kinaweza kuwa wazi saa hii kwa washirika. Sharti ni moja: kwa washirika unachukua kilicho wazi, huwezi kupanga foleni. Kwa kadi ya Lowell, foleni unapanga kwenye mtandao wako tu.

Foleni ya pili unaipata kwa kadi ya Boston Public Library. Mkazi yeyote wa jimbo anaweza kuomba kadi yao ya kielektroniki kwenye intaneti bila kukanyaga Boston. Iongeze ndani ya Libby kando ya ile ya Lowell. Kitabu kilekile utakiombea sehemu zote mbili, na kitakachotangulia ndicho utakachochukua. Ombi lile jingine lifute siku hiyohiyo, kuna mtu nyuma yako.

Hoopla, programu nyingine ya kuazima vitabu kwenye simu, ni jambo jingine. Huko hakuna foleni, kwani maktaba hulipa kila mara kitu kinapoazimwa, na kwa hiyo kila mwenye kadi hupewa idadi maalumu kwa mwezi. Hii hulipiwa na mji, si mtandao, kwa hiyo uliza kaunta kama mji wenu unailipia na ni vingapi kwa mwezi. Ikikuambia urudi kesho, kadi yako haina tatizo: fedha iliyotengwa kwa siku imekwisha. Jaribu tena asubuhi na mapema.

Kuhusu kusikiliza garini. Azima na upakue ukiwa nyumbani kwenye waifai. Saa moja ya sauti ni takriban MB 30, kwa hiyo kitabu cha saa 10 ni kama MB 300. Kwa kawaida Libby hupakua kwenye waifai peke yake, na ni vizuri uiache hivyo. Hakikisha kitabu kimeshuka chote kabla hujaondoka, kwa sababu kikishuka nusu kitacheza sawa mjini kisha kinyamaze ukifika mahali mtandao ni hafifu. Libby inafanya kazi na CarPlay na Android Auto, yaani mifumo ya kuunganisha simu na gari, lakini kifungue kitabu kwenye simu kwanza ukiwa umesimama. Kasi unaweza kuipandisha, 1.25 inasikika vizuri kwa wasomaji wengi wa polepole. Weka pia kipima usingizi ukisikiliza kitandani, la sivyo utaamka kitabu kikiwa sura ya mwisho.

Ukibadilisha simu usihofu. Vitabu ulivyoazima na foleni zako vimefungwa kwenye kadi, hivyo ukiingiza kadi kwenye simu mpya vinarudi vyote. Vinavyopotea ni alama ulizoweka ndani ya vitabu na orodha zako, kama hukunakili kutoka simu ya zamani kwa ule msimbo ambao Libby inautoa. Fanya hivyo kabla ya kuuza simu. Na kumbuka kadi ina tarehe ya kuisha. Ikiisha, huwezi kuazima hata kama zamu yako imefika, na dawa yake ni simu moja tu kaunta kuthibitisha anwani.

Vitabu vya Kiswahili vya kusikiliza utakuta ni vichache mno. Chuja kwa lugha uone vilivyopo, na kwa ambavyo havipo gusa "Notify Me" (niarifu), kwa sababu wakutubi huona kinachoombwa wanapopanga kununua. Vya karatasi viombe kwa fomu ya mapendekezo ya mji, ukitaja jina, mwandishi na mchapishaji. Waambie na akina mama wengine wa kanisani wajaze. Ombi la mtu mmoja husahaulika. Mkiwa kumi mkitaka vitabu vya watoto kwa Kiswahili, mkutubi ana hoja ya kupeleka kwa wenye bajeti.

Ukikwama kwenye namba ya siri usijaribu mara nyingi, wapigie kaunta waibadilishe. Kwa mengine nipigie Jumapili mchana. Wasalimie watoto, na mama akishafika niambie nije kumwamkia.

Rafiki yako wa siku zote