Watoto wenye magonjwa adimu ya mifupa waandikishwe Kanda ya Kaskazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watoto wa Arusha na Kilimanjaro wanaozaliwa na magonjwa adimu ya ukuaji wa mifupa, pamoja na haja ya kuwa na rejista moja ya kuwaandikisha. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Arusha, na wengi wa watoto hawa hunifikia wakiwa wamekwishazungushwa mno.

Ugumu wa huku kwetu una sura yake. Maji ya miteremko ya Mlima Meru, kama vile ya Maji ya Chai na Ngurdoto, yana floraidi nyingi, na madhara yake kwa meno na mifupa ni ya kweli. Kwa hiyo mtoto mwenye matege akiletwa kliniki, maji ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi uchunguzi huishia hapo. Lakini wapo watoto ambao figo zao hupoteza fosfati, madini yanayoimarisha mifupa, kwenye mkojo kwa sababu ya hitilafu katika jeni ya PHEX, ugonjwa unaokadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 20,000. Mtoto wa namna hii, hata akihamishiwa penye maji salama, akapewa vitamini D ya kawaida na kuoteshwa jua kila asubuhi, miguu yake itaendelea kupinda. Kipimo cha fosfati katika damu, kikisomwa kulingana na umri wake, kingeamsha shaka mapema. Tena, kwa kuwa baba mwenye ugonjwa huu huwarithisha mabinti zake wote lakini si wanawe wa kiume, rejista yenye historia ya ukoo ingewezesha ndugu kutafutwa kabla miguu yao haijapinda.

Wenye akondroplasia, yaani ufupi wa kuzaliwa wa kimo na viungo, nao hupotea vivyo hivyo, ingawa jeni inayohusika, FGFR3, imejulikana tangu mwaka 1994. Watoto wapatao 8 kati ya 10 huzaliwa na wazazi wenye kimo cha kawaida, hivyo mama hana wa kumuuliza nyumbani. Urefu wa mtoto ukijazwa kwenye kadi ya kliniki huangukia eneo la udumavu, na nimewahi kumsikia mama akihimizwa uji wa lishe ilhali mwanawe amenona vizuri, ana mikono mifupi na paji la uso lililotokeza. Alichostahili kuambiwa ni kwamba mtoto asikalishwe mapema bila egemeo la mgongo, na kwamba tundu la chini ya fuvu, ambamo uti wa mgongo hupita, laweza kuwa jembamba kiasi cha kukatiza pumzi usingizini. Chati za ukuaji mahsusi kwa watoto hawa zipo tangu mwaka 1978, kwa sababu kuna waliokusanya vipimo vya watoto wengi wakaviweka pamoja.

Dawa nazo zimepatikana. Burosumab iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa fosfati, na vosoritide mwaka 2021 kwa akondroplasia. Bei zake ni kubwa mno, na sidai ziletwe kesho. Lakini hata fosfati ya kumeza, dawa ya miaka mingi, haiwezi kuagizwa kwa mpango ikiwa hakuna ajuaye wanaoihitaji ni wangapi.

Wazazi wengine wataogopa, na nawaelewa, kwani katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa, orodha ya watoto wenye maumbile tofauti si jambo la kuachwa mezani. Majina yatengwe na vipimo, kila mtoto apewe namba, mzazi aridhie kwa maandishi na awe huru kujitoa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtoto akifikisha miaka 18 aulizwe mwenyewe.

Nawaomba Waganga Wakuu wa Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara wakae na Hospitali ya Rufaa ya KCMC, Moshi, wakubaliane fomu fupi ya pamoja: tarehe ya kuzaliwa, kimo, urefu wa mtoto akiwa ameketi, eksirei, fosfati, historia ya ukoo na namba mbili za simu, maana moja hubadilika. Zaidi ya yote, itengwe fedha ya karani mmoja wa kudumu wa kuwapigia wazazi kila mwaka na kujaza vipimo vipya.

Wako,
Mtaalamu wa fiziotherapia,
Arusha